Bendera Iliyopauka

Ha Sekoati, Mafeteng
Jumapili, 6 Machi

Kwako Dada Nthabeleng,

Naomba barua hii ikukute umekaa, viatu umevua, na lile goti lako la kushoto limekusamehe kidogo baada ya baridi ya mwaka jana. Vipi kazi ya kufulia pale hospitali? Bado wanakupa zamu za asubuhi, au yule msimamizi wenu mwenye kununa amerudia mambo yake? Na nyumba nzima, na majirani zako wa huko ng'ambo, Bloemfontein, wanaopiga redio, nao hawajambo?

Mimi ni mzima. Najua ukilisikia neno hilo kutoka kwangu huwa unacheka kwa pua. Cheka tu, lakini safari hii ni mzima kweli. Nakula, nalala, mikono haitetemeki, na hati hii unayoiona ni yangu mwenyewe, sikumtafuta mtu aniandikie. Nimerudi kwenye banda la kukatia manyoya ya kondoo, na msimu uliopita walinipa kondoo dume, wale wakubwa wenye mikunjo shingoni ambao hawapewi mtu asiyeaminika. Nyumba ya mama nimeiezeka upande wa jikoni. Pichi zimezaa mwaka huu hadi matawi mawili yamevunjika, na Mama Pulane jirani amezikausha nusu kwa ajili yako. Anakusalimu sana. Anasema umekuwa mtu wa mjini, hata kupita kumsalimia umesahau.

Ujumbe wako aliouleta binti yako Lineo nimeupata. Alikaa hapa siku mbili, akapika, akafagia hata mahali ambapo mimi huwa sifagii, na jioni ya kwanza akanieleza ulivyosema: kwamba umesikia nimeacha pombe, na kwamba mjomba wake akivumilia hivi hivi mpaka Pasaka, basi ndiye atakayemshika mkono na kumpeleka mbele kanisani siku ya harusi yake, kwa kuwa baba hana. Alisema hivyo akifunika mdomo, kama anavyofanya akiwa na furaha. Dada, nilitoka nje nikaenda kukaa kwenye mawe ya zizi nikalia kama mtoto. Lineo alidhani ni furaha. Nikamwacha adhani hivyo.

Unangoja jibu, nalo nitakupa humu humu. Ila nakuomba usiruke mistari ukaenda kulitafuta mwishoni. Nikikupa jibu tupu hutanielewa, na pengine hata nikikueleza yote hutanielewa, lakini angalau utakuwa umejua. Kwa simu isingewezekana. Simu yangu hupokei tangu Krismasi ya mwaka juzi, na ni haki yako. Mtu aliyeangukia meza ya chakula mbele ya wakwe waliokuja kuzungumzia ng'ombe wa mahari ya binti yako, akavunja bakuli la marehemu mama na kisha akaanza kuimba, mtu huyo hastahili kupokelewa simu. Lineo ameniambia bwana harusi mwenyewe huwa anacheka akikumbuka. Mimi sicheki.

Basi ilikuwa mwezi wa saba wa mwaka jana, majira ya baridi, milima yote imevaa theluji. Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu wa kutapika asubuhi. Nikaenda zahanati. Nesi wa pale, mfupi, mwenye maneno makali, alinibonyeza chini ya mbavu nikaruka, halafu akaniuliza kwa upole kabisa kama jeneza langu nimeshalichagua rangi. Nikamwambia asinitanie. Akasema yeye hatanii, maini hayana utani. Akaniambia kuna watu wanakutana kila Jumamosi saa nane mchana pale mjini, nyuma ya lile kanisa la mawe, watu walioacha pombe na wengine wanaotaka kuacha. Nikamwuliza nitapajuaje. Akasema wametundika bendera ya buluu, maana watu wa nchi hii bila bendera hatufiki popote.

Na kweli. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma bendera kabla sijajua a wala be. Ulikuwa ukinibeba mgongoni tukishuka kisimani, unaninyooshea kidole kwenye milingoti ya nyumba za wauzaji: ile nyekundu nyama, ile ya kijani mboga, ile nyeupe pombe ya mtama imeiva, watu waje na makopo yao. Unaikumbuka yetu? Mama aliikata kwenye gaguro lake la zamani, na lesi ikabaki upande mmoja, basi wanaume wa kijiji kizima wakawa wanaambiana twendeni kwenye gaguro. Baba alikasirika wiki nzima! Mama akamwambia akitaka bendera ya heshima alete kitambaa kutoka huko mgodini.

Nakumbuka siku za kuchuja kuliko hata siku za Krismasi. Wewe kwenye jiwe unasaga kimea, shanga zako zinagonga kifuani, mimi nachochea moto kwa samadi kavu na moshi unanitoa machozi. Mama akiimba. Ule ukali mtamu wa pombe inayochemka, ukichanganyika na harufu ya ardhi yenye baridi, mpaka leo ukinipitia puani nakuwa na miaka saba tena. Kisha mama ananiachia chujio nilambe, anacheka, anasema huyu atakuwa mwonjaji wa kijiji. Wewe ulikuwa ukitema. Sisemi hivi kumlaumu mama, pombe ile ndiyo iliyotusomesha sote wawili. Nasema kwa kuwa nilipoanza kuitafuta ile bendera ya buluu, nilikuwa natafuta kwa macho yale yale uliyonifundisha, na ndiyo yaliyonipoteza.

Jumamosi ya kwanza nilizunguka lile kanisa mara nne. Buluu hakuna. Nyuma kabisa kulikuwa na kibanda cha mabati, na juu ya mlingoti bendera nyeupe, na ndani vicheko vya watu. Nikajiambia, jamani, watu hawana haya, wameweka kilabu mgongoni mwa kanisa! Nikavuka barabara nikapita upande wa pili, pua nimeziba kwa blanketi nililojitanda, nikijisifu moyoni kwamba leo nimeishinda. Nikarudi nyumbani. Sikunywa mpaka Jumatatu.

Jumamosi ya pili nikamwuliza mama mmoja anayeuza maandazi pale njiani. Nikamnong'oneza, maana aibu, kwamba mkutano wa walioacha pombe uko wapi. Akanyoosha kidole chenye unga kwenye ile bendera nyeupe, akasema, "Si ule pale, baba." Dada, nilidhani ananidhihaki. Nikamwambia akamtanie babake. Naye hakukubali, alinifuata kwa matusi mpaka kwenye kituo cha polisi, watu wakitoka madukani kutazama.

Jumamosi ya tatu kulikuwa na upepo ule unaokata masikio. Nilikuwa natetemeka, na si baridi peke yake. Nikasema basi, nimetafuta, Mungu ameona, hakuna atakayenilaumu. Nikaenda moja kwa moja kwenye bendera nyeupe. Nilienda kunywa, nisikudanganye. Nikasukuma mlango, nikavuta kiti, nikagonga meza nikasema nileteeni kopo kubwa na povu lisipungue.

Wakageuka wote. Walikuwa kama watu tisa, wameketi mduara, kila mmoja na kikombe. Halafu mama mmoja mnene aliyejifunga blanketi akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikaanguka. Akaniambia, "Karibu, baba, keti. Wewe ni wa nne tangu mwaka uanze." Bendera ilikuwa ya buluu kweli walipoitundika, ila jua la miaka miwili lilikuwa limeila rangi yote, na wao hawana haraka ya kuibadilisha. Yule mama akasema imewaletea watu wengi kuliko zahanati.

Nilitaka kutoka. Lakini aliyekuwa akimimina chai alikuwa amesimama na birika mbele yangu, amenikazia macho, nami nikamtazama, nikabaki kitini. Jina lake silitaji kwanza, nitakueleza sababu. Akanimiminia, akatia sukari vijiko vinne bila kuniuliza, akanipa kikombe kwa mikono miwili.

Sikunywa pombe siku ile. Siku ya sita nikarudia kunywa, tena vibaya, alininyanyua Mama Pulane kwenye mtaro. Jumamosi nikarudi nikiwa na uvimbe usoni, nikidhani watanifukuza. Yule mama mnene akasema, "Haya, umeenda kuhakikisha kama bado ni chungu? Ni chungu?" Nikasema ni chungu. Akasema keti basi. Yeye alipika na kuuza pombe miaka thelathini. Anasema alikuwa anauza na kuonja, mwisho kuonja kukashinda kuuza. Wateja wake wa zamani bado wanamgongea mlango, naye anawakalisha na kuwahubiria mpaka wanajuta. Tangu wiki ile sijaonja, Dada. Huu ni mwezi wa saba tangu niache.

Mambo ya pale ni mepesi. Unasimama zamu yako ikifika, unasema jina lako, unasema mimi ni mlevi, unasema lililo moyoni. Hakuna anayekukatiza wala kukupa mawaidha. Na ukutani kuna kipande cha boksi, kimeandikwa kwa mkaa, herufi kubwa zilizopinda: YANAYOSEMWA HUMU YANABAKI HUMU. Aliyeandika ni huyo mpika chai, ndiye aliyekianzisha kikundi chenyewe. Analala kachumba ka pembeni, analinda kanisa, na anaosha vile vikombe kana kwamba ni vya harusi. Kwa sababu ya maneno hayo ya ukutani ndiyo maana majina ya watu siwezi kukutajia, ila moja tu, ambalo mwenyewe amenipa ruhusa.

Kabla sijalitaja, turudi nyuma kidogo. Najua kuna jina ambalo nyumbani kwako halitajwi. Leo nivumilie, Dada, nilitaje.

Unamkumbuka Motlatsi alivyokuja kukuposa? Amepanda yule farasi mwekundu wa kuazima, kinanda cha mkono kimefungwa mgongoni kwa kamba ya katani, na mvua imemlowesha mpaka kofia imelainika kama ugali. Baba akamwuliza una nini, kijana. Akasema nina kinanda na nina mikono. Baba akakohoa ili asicheke. Wewe ulikuwa umejificha nyuma ya pipa la pombe, mimi nakuona, unanifanyia ishara ninyamaze. Alipiga kinanda jioni ile mpaka wateja wakasahau kuondoka. Mama alikuwa na furaha isiyo na mfano.

Mimi alinilea yule mtu. Baba yuko mgodini miezi kumi na moja, nani mwingine angenifunza kazi? Alinionyesha jinsi ya kumkalisha kondoo matakoni ili atulie, na kupitisha mkasi karibu na ngozi bila kumtoa damu. Nilipomkata kondoo wangu wa kwanza alinisema, "Mwombe msamaha huyo, shemeji, hajakukosea kitu." Nikamwomba kondoo msamaha! Ninyi mkawa mnanicheka mwaka mzima. Alikuwa anakunywa, ndiyo, na mimi nikawa nakunywa naye, lakini alikuwa mlevi mwenye kucheka, na Lineo alikuwa akilala kifuani pake huku kinanda kinalia.

Halafu baba akafa. Huko turudi pia, hakuna jinsi. Wewe unaikumbuka asubuhi ya mazishi vizuri kuliko mimi. Baba mdogo Sekake akafungua sanduku la bati kutoa lile blanketi la kahawia lenye picha za masuke ya mahindi, ambalo baba alisema miaka yote ndilo atakalozikwa nalo, na sanduku likawa tupu. Wazee wamesimama, mchungaji anangoja. Ikabidi baba afunikwe blanketi la kuazimwa kwa jirani, tena lenye tundu la moto. Mama alipiga ukelele ambao bado nausikia. Na Sekake akamgeukia Motlatsi, kwa kuwa wiki nzima alikuwa amelewa, na kwa kuwa siku moja kabla alionekana akitoka chumba kile. Akamwuliza mbele ya watu wote blanketi liko wapi. Motlatsi akafungua mdomo, akaufunga. Akasema, "Sijui." Akainamisha kichwa. Sote tukaona kwamba mwenye haki asingeinama. Mchana ule ule ulimtupia nguo zake nje, na Lineo wa miaka kumi na mbili akamkimbilia babake, wewe ukamshika mkono ukamrudisha ndani. Mama naye akafa bila kutaka kumsikia.

Dada, mpika chai ni Motlatsi.

Alizurura mashamba ya Wazungu ya huko Free State miaka mingi, akinywa hadi akalazwa, na huko hospitali ndiko alikojifunza mambo ya vikundi hivi, akaja kuanzisha chake hapa Mafeteng. Mwaka wa tatu huu. Mimi sikujua, wala wewe hukujua. Ndiye aliyenitilia vijiko vinne. Na kila Jumamosi zamu yake ikifika alikuwa anaweka birika chini, anavua kofia, anasema maneno yale yale: "Naitwa Motlatsi, mimi ni mlevi, na niliiba blanketi la mazishi la baba mkwe wangu. Nilikuwa nimelewa kiasi kwamba sikumbuki nililipeleka wapi. Nimejaribu kukumbuka miaka kumi na moja." Kisha anavaa kofia, anaendelea kumimina.

Nilimsikiliza Jumamosi tano. Nikinywa chai yake.

Hakuiba. Niliiba mimi.

Nililichukua mchana, siku moja kabla, ninyi mkiwa uani mnachambua mboga za msiba. Nililivaa ndani ya koti nikatoka mlango wa mbele, nikakusalimia hata, ukaniambia nisichelewe. Nikampelekea muuza vileo mmoja mjini, akanipa chupa mbili za brandi. Nilijidanganya kwamba ni rehani tu, kesho asubuhi na mapema nitalikomboa. Kesho yake niliamka jua limeshapanda, mkiwa mmeshafungua sanduku. Nilisimama pale pale, hatua nne kutoka kwa Motlatsi, nikamsikia akiulizwa. Neno moja tu lilitakiwa. Nikaangalia viatu vyangu. Nikakuona unatupa nguo zake, nikaangalia viatu. Nikasikia Lineo analia, nikatoka nikaenda kunywa, na nadhani sikuacha kunywa tangu siku ile.

Kwamba hakubisha, sababu ni hiyo. Hakujua! Alikuwa amelewa kuliko mimi. Tulimwambia ameiba, naye akajipekua ndani akakuta giza, akatuamini. Amebeba wizi wangu miaka kumi na moja, na hata hakujua kwamba si wake.

Jumamosi iliyofuata hizo tano zamu yangu ilitangulia yake. Pichi zilikuwa zimechanua, mlango uko wazi, nyuki wanaingia. Nikasimama nikasema jina langu, nikasema yote kama nilivyokuandikia. Sikuthubutu kumtazama. Nilisikia tu birika likiwekwa chini, na miguu ikitoka nje. Tulikaa. Baadaye akarudi, uso umelowa, akasimama mbele yangu akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akaniuliza tena. Mara tatu aliniuliza. Halafu akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, mikono magotini, akasema polepole, "Basi sikuwa mimi."

Nilimngoja anipige. Ningefurahi. Nikangoja aje kwako, au ampigie Lineo, au asimame sokoni apaze sauti, na nani angemlaumu? Wiki zikapita, miezi ikapita, hakufanya lolote. Jumamosi ananitilia vijiko vinne kama kawaida. Mimi nikaanza kuona raha, Dada, hapa pia nikuambie ukweli. Nikajiambia ameshajua, nimeshaungama, yamekwisha. Nikanenepa. Sifa za kuacha pombe zikakufikia hata huko uliko. Mpaka Lineo alipokuja na ujumbe wako, kwamba mwizi aingie kanisani amemshika mkono binti wa mtu aliyemwibia jina lake.

Jumatano iliyopita nikamwendea. Alikuwa anasugua vikombe. Nikamweleza kuhusu harusi, na nafasi niliyopewa. Aliacha kusugua, kisha akaendelea. Nikamwuliza kwa hasira, maana haya ikizidi inageuka hasira, kwa nini hukusema, miezi yote hii, una ulimi wa nini? Akanijibu bila kuinua macho kwamba nililisema mle ndani, na la mle ndani linabaki mle ndani. Nikamwambia lakini ni jina lako! Akasema, "Yale maneno ya ukutani niliandika mimi, shemeji. Nikiyavunja kwa faida yangu, yule mama atasema tena kitu? Wewe ungesema?" Bado ananiita shemeji. Akasema la kwangu ni langu, nikitaka nilitangaze, nisipotaka nife nalo, yeye ameshapata cha kumtosha: anajua si mwizi.

Jana nilimsomea nakala ya kwanza ya barua hii mpaka hapa. Nilimwomba ruhusa ya kulitaja jina lake na maneno yake, akakubali. Kuna mistari mitatu aliniamuru niifute, ile niliyokuwa nimemsifu, akasema sasa unamtongozea dada yako mtu. Nimeifuta. Hakuniomba nikufikishie lolote. Aliniuliza swali moja tu, tena akiwa amenipa mgongo: kama Lineo bado anafunika mdomo akicheka. Nikamwambia bado. Akasema ahaa. Akaenda kuchota maji, na ndoo ilikuwa imejaa.

Sasa jibu lako. Hapana, Dada. Sitamshika mkono Lineo. Nafasi ile ina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai, ana akili timamu, anaishi nyuma ya kanisa la mawe hapa Mafeteng, na Jumapili baada ya ibada ndipo hupatikana kwa urahisi. Sikuambii umrudishe nyumbani kwako. Ya ndoa ni yenu. Nakuambia tu aliyemnyang'anya Lineo baba yake ni mimi, na wewe nilikunyang'anya mume ukiwa na miaka thelathini na tatu, nikakuacha ufue mashuka ya wagonjwa peke yako, nikija kwako kula na kulewa. Baba mdogo Sekake nitamwendea Jumanne nimwambie kwa mdomo wangu. Akinipiga fimbo, vema.

Sikuombi msamaha katika karatasi. Siku utakayotaka kunitazama usoni nitakuja niombe nikiwa nimesimama mbele yako, na usipotaka, nitaelewa. Nina hofu, sikufichi. Ulinifundisha kutembea wewe, na sina mtu mwingine aliyebaki. Nikikukosa wewe sijui nitarudi nyumbani kwa nani. Lakini Jumamosi nitakwenda kwenye chai, na Jumamosi inayofuata, hilo nakuahidi hata kama hutaniandikia tena. Na kama hasira itakuruhusu kumfungulia mlango mmoja tu kati yetu siku ya harusi, mfungulie yeye. Mimi nimezoea kuanguka nje ya nyumba za watu nikiwa nimelewa, sitashindwa kusimama nje ya kanisa nikiwa mzima.

Kesho barua hii itavuka mpaka wa nchi na Mama Pulane pamoja na mfuko wa pichi. Usimhoji, hajui kilichomo. Wasalimie majirani, msalimie bwana harusi, goti lako lipake mafuta ya moto usiku. Na Lineo mfikishie neno moja tu kutoka kwangu, kabla ya salamu zozote: mwambie baba yake hakuiba.

Ni mimi mdogo wako,
Moeketsi